Duka dogo la Litembo linarudi na nini kutoka maonyeshoni?

WENYE maduka madogo ya pembejeo wa Litembo, katika milima ya Wilaya ya Mbinga, hupata mtihani uleule kila inapokaribia Agosti 8. Ama wafunge duka waende Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane, ama wabaki nyuma ya kaunta kwa kuwa huo ndio wakati fedha ya kahawa inaanza kuonekana kijijini.

Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili una gharama. Anayetoka Litembo hushuka Mbinga mjini, akaenda Songea, akapita Njombe na Makambako ndipo afike Viwanja vya John Mwakangale, ambako Mkoa wa Ruvuma umekuwa ukishiriki pamoja na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini. Ni zaidi ya kilomita 500 kwa kwenda tu. Na Agosti kwa Wamatengo ni mwezi wa kuchuma, kumenya na kuanika kahawa. Mkulima aliyekopa dawa au mbolea hulipa wakati huo. Akikuta duka limefungwa, fedha hiyo hupata kazi nyingine, na deni linasubiri mwakani.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba nauli, malazi na chakula cha watu watatu kwa siku tano vimekula Sh600,000, na kwamba duka hubakiwa na Sh2,000 kwa kila mfuko wa mbolea baada ya kulipa usafiri na wapakiaji. Ili kuirudisha fedha hiyo tu, bila faida yoyote, duka litalazimika kuuza mifuko 300 ya kilo 50 kuliko ambayo lingeuza bila kwenda. Hizo ni tani 15, na kwa duka la kijijini huo ni mzigo mkubwa.

Ndiyo maana inafaa kuuliza safari hiyo inaleta nini hasa, mbali na fulana, kofia na mkoba uliojaa vipeperushi.

Bei ya mbolea haijadiliwi bandani

Wengi wanaosafiri kwenda kwenye maonyesho husema wanafuata bei. Kwa bidhaa iliyo kubwa kuliko zote katika duka la pembejeo, hoja hiyo imepungua nguvu tangu mwaka 2022. Ilikuwa hapohapo Mwakangale, Agosti 8 mwaka huo, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea baada ya bei ya soko la dunia kupanda vibaya. Mfuko wa DAP uliokuwa umefikia karibu Sh131,000 ukawekwa Sh70,000, na Urea nayo ikawa Sh70,000. Mkulima alitakiwa kujisajili na kupewa namba, na wakala akauza kupitia mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA).

Kwa mkulima ulikuwa ni unafuu mkubwa. Kwa duka dogo, maana yake ni kwamba bei ikishapangwa na Serikali, hakuna tena ujanja wa kumshinda jirani kwa kununua rahisi. Kinachobaki ni kushindana kwa mambo mawili: mzigo kufika mapema na mzigo kufika karibu. Katika msimu ule wa kwanza malalamiko mengi ya wakulima nchini hayakuwa juu ya bei bali juu ya umbali wa vituo vya kuuzia, foleni na mbolea kuchelewa. Mama wa Litembo anayelazimika kwenda Mbinga mjini kufuata mifuko miwili hulipa tena sehemu ya ruzuku yake kwa nauli ya bodaboda.

Kwa hiyo timu ya duka inayofika Mwakangale ikiulizia bei ya Urea imekwenda kuuliza swali ambalo jibu lake lingepatikana kwa simu. Swali la maana ni jingine: msambazaji atakuwa na ghala wapi kuanzia Oktoba, nani atatia saini kupokea, na mzigo ukikwama Songea nani anabeba gharama. Mvua za kupandia mahindi huanza Novemba kuelekea Desemba. Kutoka Nane Nane hadi hapo ni kama miezi mitatu, muda unaotosha kupanga jambo hilo na usiotosha kulianza upya likiharibika.

Maonyesho yasiyoingiza watazamaji

Tatizo moja ni kwamba maonyesho yetu yamejengwa kwa ajili ya watazamaji zaidi kuliko wafanyabiashara. Milango iko wazi kwa kila mtu, wanafunzi huja kwa mabasi, muziki unapigwa, na siku ya mgeni rasmi kazi katika mabanda husimama saa nyingi zikisubiri msafara. Si vibaya, ni sikukuu ya wakulima, na mkulima ana haki ya kuona na kufurahi. Lakini mwenye duka anayetaka dakika ishirini za kuzungumza mali kauli na meneja wa kanda huzipata kwa bahati.

Mfano wa namna nyingine ya kuendesha jambo hili uko mbali sana na Litembo, tena katika biashara ambayo duka la kijijini haliruhusiwi hata kuigusa: bunduki, risasi na vifaa vya mchezo wa kulenga shabaha. Kila Januari mjini Las Vegas, Marekani, hufanyika maonyesho yanayojulikana kama SHOT Show. Yalianza mwaka 1979 mjini St. Louis, na huandaliwa na National Shooting Sports Foundation, chama cha watengenezaji na wauzaji wa bidhaa hizo. Waonyeshaji hupita 2,000 na wanaohudhuria hupita 50,000, na hutembea huko kwa siku nne.

Pamoja na ukubwa huo, mpenzi wa kawaida wa bunduki haingii. Anayetaka kuingia lazima athibitishe kwamba yumo katika biashara: ana duka, anatengeneza, anasambaza au anaandika habari za biashara hiyo. Maonyesho ya IWA ya Nuremberg, Ujerumani, yaliyoanza mwaka 1974, nayo hufuata kanuni hiyo ya kupokea wafanyabiashara.

Faida ya mlango huo mwembamba humfikia zaidi mdogo kuliko mkubwa. Mwenye maduka mia moja hahitaji maonyesho. Mtengenezaji humfuata ofisini. Mwenye duka moja katika mji mdogo wa Marekani, mwenye wafanyakazi watatu, hapati mtu wa kumfuata. Kule Las Vegas husimama mbele ya mtengenezaji mwenyewe, akaandika oda ya mwaka, akapewa punguzo la maonyesho na muda wa kulipa, akarudi nyumbani kusubiri mzigo. Siku moja kabla ya kufunguliwa, wanunuzi na waandishi walioalikwa hupelekwa kwenye uwanja wa shabaha wakajaribu silaha wenyewe. Anayenunua bastola hamsini za kuuza ni vizuri awe amewahi kuishika moja.

Watanzania wapo wanaoijua vizuri namna hiyo ya biashara. Kampuni za uwindaji wa kitalii zenye vitalu nchini huenda Marekani mwanzoni mwa kila mwaka, kwenye maonyesho ya Dallas Safari Club na ya Safari Club International, kuuza safari za msimu unaoanza Julai. Haziendi kutazama. Huenda na kalenda ya siku zilizo wazi, bei kwa kila mnyama na karatasi ya mkataba, na hurudi zikijua wageni wangapi wameweka amana. Huko Ruvuma, mkoa wenye wanyamapori kuanzia Tunduru na Namtumbo hadi Pori la Akiba la Liparamba upande wa kusini wa Mbinga na Nyasa, fedha ya uwindaji inayofika vijijini kupitia hifadhi za jamii huanzia kwenye meza hizo za mbali.

Mkulima anayeishi karibu na mapori hayo humjua mnyama kwa upande mwingine: nyani, ngedere na nguruwe pori wanaomaliza mahindi. Yeye hulinda kwa kuamia shamba mchana na kuwasha moto usiku. Bunduki kwake si bidhaa ya dukani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa anayemiliki na kwa anayeuza, na hakuna duka la pembejeo litakalojiingiza huko. Linaloweza kujifunzwa kutoka biashara hiyo ni utaratibu wake wa kununua na kuuza.

Hata hivyo, biashara hizo mbili zinafanana kwa jambo moja. Zote ni za leseni. Muuza mbolea yuko chini ya TFRA, mbegu ziko chini ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI), na viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Duka likikamatwa na dawa isiyosajiliwa, halitaulizwa kama liliinunua kwenye banda lenye bendera na viti vya plastiki. Katika uwanja ulio wazi kwa kila mtu, wauzaji wa chupa zisizo na namba ya usajili hawakosekani pembeni mwa uzio.

Trekta halipandi ngoro

Timu ya watu watatu ikienda pamoja na kutembea pamoja, imetumia nauli tatu kuona kitu kimoja. Busara ni kugawana. Mwenye mali azungumze na wasambazaji habari za mkopo na ghala. Anayesimama kaunta kila siku, ambaye mara nyingi ndiye anayejua wateja wanauliza nini na wanaondoka bila nini, aende kwenye vipando vya mfano akatazame mbegu. Wa tatu, kijana wa stoo, apewe kazi ya vipuri.

Kazi ya vipuri inaonekana ndogo lakini ndimo faida ilimo. Bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa huharibika kwa kitu cha bei ndogo: mpira wa kuzuia kuvuja, nozeli, mkanda. Mkulima wa kahawa ambaye bomba lake limekufa katikati ya msimu hawezi kuzuia chulebuni kwa maneno. Akipata nozeli Litembo atainunua bila kubishana sana, na siku hiyohiyo atachukua na dawa. Duka lenye mabomba kumi mapya na kipuri hata kimoja hakuna limeweka fedha yake mahali pabaya.

Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, dawa za kutu ya majani, mbegu za mboga na mashine za mkono za kumenya kahawa ziko katika kundi hilo la bidhaa ambazo bei yake haijapangwa na Serikali. Hapo ndipo safari ya Mbeya inaweza kulipa. Kwa miche ya kahawa hakuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho: kituo cha Ugano cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) kiko hukohuko Mbinga, na aina zake zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zinafaa kujulikana na kila muuza dawa wa eneo hilo, hata kama kila mche bora unampunguzia wateja wa dawa.

Upande wa pili uko mtego wa mitambo. Kila mwaka matrekta na pawatila huvuta umati kuliko kitu kingine, na kampuni hutafuta mawakala wa wilaya. Ni rahisi mwenye duka kurudi na karatasi ya uwakala akajiona amepanda daraja. Lakini shamba la Mmatengo ni ngoro: vishimo vilivyozungushiwa matuta, vilivyochimbwa kwa jembe la mkono kwenye mteremko mkali, maharage yakitangulia na mahindi yakifuata. Ubunifu huo wa wazee umezuia udongo kuteremka Nyasa kwa vizazi vingi, na trekta haliwezi kupanda huko. Uwakala wa mashine hiyo unamfaa mtu wa bondeni. Litembo inahitaji jembe zuri lenye chuma kisichopinda, na ni ajabu kidogo kwamba ni nadra kuona banda linaloshindania jembe la mkono.

Woga wa mali kauli

Wapo watakaosema kwamba mwenye duka wa kijijini hana haja ya kujadili mkopo, kwa kuwa ameumwa na nyoka. Historia inawapa haki. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, ndicho kilichokuwa kikikopesha pembejeo kwa dhamana ya kahawa. Kilipoanguka katika miaka ya 1990 baada ya soko huria, mkulima alibaki bila mkopo na bila mbolea. Maduka binafsi yakajaza pengo kidogokidogo. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008 ukazalisha mawakala wengi vijijini, wengi wao wakiwa na rafu mbili na mzani. Vocha zilipokwisha, wengi walifunga. Na katika msimu wa 2015/16 mawakala waliotoa pembejeo za ruzuku kwa ahadi ya kulipwa na Serikali walibaki wakidai, suala likarudi bungeni mara kwa mara huku madai yakihakikiwa.

Mtu aliyepita katika hayo hupenda kununua kwa fedha taslimu, mifuko ishirini kwa ishirini, kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Mbinga mjini. Analala usingizi, lakini ananunua mzigo ambao faida yake imeshaliwa na wengine wawili kabla yake. Pia ananunua kwa kuchelewa, kwa sababu muuzaji wa mjini huwahudumia kwanza wenye oda kubwa.

Njia inayotumiwa na maduka madogo ya bunduki na vifaa vya uwindaji Marekani ni kuunda vikundi vya kununua. Kila mmoja hubaki na duka lake, jina lake na deni lake, lakini oda hukusanywa ikapelekwa kwa mtengenezaji kama oda moja, na bei inakuwa ya mnunuzi mkubwa. Vikundi hivyo havikuanzishwa kwa mapenzi ya umoja. Vilianzishwa kwa hofu ya maduka makubwa ya mnyororo.

Litembo haina duka la mnyororo la kuogopa, ila ina AMCOS. Vyama vya msingi vya ushirika vimekuwa vikihimizwa na Serikali kusambaza mbolea ya ruzuku, na AMCOS ikifanya kazi yake vizuri ina mambo matatu ambayo duka halina: wanachama, ghala na kahawa ya mkulima kama dhamana. Duka linaloshindana nayo kwa mbolea huenda likashindwa. Linaloweza ni kukubaliana nayo: chama kichukue mbolea, duka lichukue dawa, mbegu za mboga, vipuri na ushauri wa kila siku ambao ghala linalofunguliwa mara mbili kwa wiki haliwezi kutoa.

Kikundi cha kununua kinawezekana pia kijiografia. Barabara ya lami kutoka Songea imefika Mbinga, na kutoka Mbinga imeteremka hadi Mbamba Bay ziwani, kilomita 66. Duka la Mbamba Bay linauza kwa mkulima wa mihogo na mpunga, la Litembo kwa mkulima wa kahawa, mahindi na maharage. Hawanyang'anyani wateja. Mahitaji yao ya mabomba, dawa za ghalani na mifuko ya nafaka ni yaleyale, na lori moja linaweza kuwashushia wote mzigo wa Mbinga mjini. Timu moja ya watu watatu ikitumwa Mbeya na maduka sita, ile Sh600,000 ya mfano inakuwa Sh100,000 kwa kila duka, na mifuko 300 inapungua hadi 50. Tena maduka matano yanabaki wazi wakati wa kahawa.

Kizuizi kikubwa ni kuaminiana. Duka linalokabidhi jirani orodha ya oda yake limemfunulia kila kitu: linauza nini, kiasi gani na lini. Hapo inabidi yaandikwe makubaliano, oda ziambatane na amana, na risiti itolewe kwa jina la kila duka badala ya jina la aliyesafiri, la sivyo TRA itamwona msafiri kuwa ndiye mfanyabiashara mkubwa wa kundi zima.

Waandaaji wa maonyesho nao wana la kufanya, na halihitaji bajeti. Wangetenga asubuhi za siku mbili za mwanzo, kabla umati haujaingia, ziwe za wenye leseni za kuuza pembejeo tu, na kuyataka makampuni yalete watu wenye mamlaka ya kutia saini pamoja na wale wasichana na vijana wa kugawa vipeperushi. Orodha za mawakala waliosajiliwa zipo. Mwaliko unaweza kutumwa kwa simu mwezi Julai, mapema kiasi cha mtu wa Litembo kuamua nani atachuma kahawa ya nyumbani wakati yeye hayupo.

Hata oda ikiandikwa vizuri, kipande cha mwisho cha safari ndicho huamua faida. Barabara ya lami inaishia Mbinga mjini kwa anayepanda Litembo, na Desemba mvua ikishakolea gari la mizigo hupandisha nauli au hukataa kabisa. Mzigo ulioagizwa Agosti ukafika Mbinga mwishoni mwa Septemba hupandishwa kukiwa kukavu. Ukichelewa hadi mvua kuanza, tofauti ya usafiri peke yake inaweza kumaliza zile Sh2,000 za kila mfuko, na mwenye duka atamweleza mteja wake kwamba mbolea ipo, ila iko Mbinga.